Kwa wanaokwenda Trieste mara ya kwanza

Wadogo zangu mliopata barua ya mwaliko wa kozi ya majira ya joto ICTP, kituo cha kimataifa cha fizikia ya nadharia, hongereni sana. Kituo hiki kiko Miramare, pembeni ya mji wa Trieste nchini Italia. Abdus Salam, mwanafizikia wa Pakistan, alikianzisha mwaka 1964 akiwafikiria watu kama sisi, tunaosomea fizikia mbali na vituo vikubwa vya utafiti. Kwa hiyo usiingie kinyonge. Pale ni kwako.

Ya safari ni machache: omba visa mara tu barua inapofika, na uisome mstari kwa mstari ujue kama nauli wanalipa wao au unatanguliza wewe kisha unarudishiwa.

Kazi yenyewe ni nzito. Mihadhara asubuhi, mazoezi mchana, na jioni kichwa hakipokei tena. Mimi nilipotea siku ya pili. Mhadhiri aliruka hatua mbili ubaoni akisema zinaeleweka, wenzangu wakanakili, nami nikanakili nikiamini asiyeelewa ni mimi peke yangu. Nikanyamaza siku tatu nzima. Siku ya tano, kwenye mazoezi, dada mmoja kutoka Peru akanyoosha mkono: ile alama ya kutoa imetoka wapi? Mhadhiri akarudi ubaoni, akapiga hesabu upya kwa chaki, akasimama. Ilitakiwa iwe ya kujumlisha. Darasa zima tulikuwa tumebeba kosa lile tangu Jumanne.

Tangu hapo kila usiku niliandika swali moja tu juu ya ukurasa mpya, kisha asubuhi nikamfuata mhadhiri wakati wa kahawa. Hawakatai. Wengi huvuta kalamu na kuanza kuchora kwenye karatasi yoyote iliyo karibu. Kama Kiingereza chako kinasitasita, onyesha mlinganyo kwa kidole, watakuelewa.

Na bahari msiikwepe mkidhani ni kupoteza muda. Nyumba ya wageni ya Adriatico iko ukingoni kabisa mwa maji. Usitegemee mchanga wa Coco Beach, pale ni mawe na saruji, na maji kujaa na kupwa hakufikii hata nusu ya kwetu Dar. Lakini mwezi Julai jua huzama karibu saa tatu usiku, kwa hiyo baada ya darasa mnabaki na mwanga mwingi. Tulikaa kwenye mawe yale watu wanne, miguu majini, tukagawana maswali ya mazoezi. Swali la tatu, lililonishinda chumbani, nililielewa pale nilipolazimika kumweleza mwenzangu kutoka Sudan.

Ukirudi nyumbani, usilifungie daftari kabatini. Ndani ya wiki mbili waite wenzako wa idara, uwafundishe mhadhara mmoja ubaoni. Nilipofanya hivyo, kijana wa mwaka wa pili aliyeketi nyuma aliuliza mstari wa nne umetokaje. Ilibidi nifungue daftari, tukautafuta pamoja hadi giza likaingia.