Kwa nini bahari ya Malindi inakuwa rangi ya chai Disemba?

Swali la leo limetoka kwa Mama Neema wa Umoja, hapa Nairobi:

"Hodi hapo. Disemba tulipanda basi na watoto mpaka Malindi, ilikuwa mara yao ya kwanza kuona bahari, na mi nilikuwa nimewapigia debe wiki nzima ati maji ni ya buluu mpaka unaona vidole vyako vya miguu. Kufika pale asubuhi, maji ni kahawia tupu na povu limejaa ufukweni. Kijana wangu wa miaka tisa akaniuliza, 'Mum, hii si ni kama ya Mto Nairobi?' Mfanyakazi wa hoteli akasema ndio, ni uchafu wenu wa Nairobi umeteremka. Alikuwa ananitania ama ni ukweli? Na ni sawa watoto kuogelea humo?"

Mama Neema, karibu. Huyo wa hoteli hakukutania, ila hakumaliza hadithi. Na huyo kijana wako mpe soda, alikuwa karibu na ukweli kuliko sisi wakubwa.

Siku ukipanda matatu ya Outering, mkivuka daraja pale Kariobangi chungulia chini. Maji meusi, mazito, chupa za plastiki zinazunguka mahali pamoja, maganda ya viazi, na harufu ya kukufanya ufunge dirisha hata kama jua linachoma. Mi hupita hapo karibu kila siku na bado sijaizoea. Sasa hayo maji yanapita kando ya jaa la Dandora, yanatoka jijini, yanajiunga na Athi huko upande wa Ol Donyo Sabuk, yanaporomoka Fourteen Falls (povu la pale ni kama mtu amemwaga debe la sabuni), yanakata Ukambani, yanaingia Tsavo Mashariki, yakikutana na Mto Tsavo yanabadilishwa jina yanaitwa Galana, halafu yakikaribia pwani watu wanaita Sabaki. Mto ni ule ule, kama kilomita 390 hivi, wa pili kwa urefu Kenya baada ya Tana, na unaingia baharini kaskazini kidogo tu ya Malindi, kabla hujafika Mambrui. Kwa hivyo kiramani, ndio, sinki yako ya Umoja na ule ufukwe ni majirani.

Lakini rangi uliyoona si maji ya choo. Nyingi ni udongo, udongo wa mashamba ya miteremkoni na malisho yaliyobaki vumbi tupu, mvua ikipiga unaondoka na maji. Ndani ya huo udongo sasa ndio kuna kile wanasayansi wanaita mata ogania, yaani mabaki ya chochote kilichowahi kuwa na uhai: majani, mizizi, samadi ya ng'ombe, kinyesi cha viboko wa Tsavo, na pia maji taka yetu na mafuta ya sufuria zetu. Fikiria chai. Ukiichuja majani yanabaki kwenye chujio, lakini rangi imeshapita, huwezi kuichuja tena. Mto nao ni hivyo hivyo, kuna vipande unavyoweza kuchuja na kuna vilivyoyeyuka kabisa. Mara nyingine ukiwa Malindi jaza chupa safi uiache dirishani usiku kucha. Asubuhi utakuta matope yamekaa chini, na juu mara nyingi maji bado yana umanjano kidogo kama chai ya rangi iliyoongezwa maji. Huo umanjano ndio mabaki yaliyoyeyuka, wakati mwingine pamoja na udongo laini sana ambao haujatua.

Je, uchafu wetu unafika kweli mpaka huko? Hapa inategemea mvua, na ndipo jamaa wa hoteli aliporuka. Wakati wa kiangazi maji yanatembea polepole, na mto mzima unafanya kazi kama tumbo. Bakteria wanakula ule uchafu njiani siku baada ya siku, na sehemu kubwa inaisha kabla ya kuona bahari. Ila wakila wanapumua, na wakipumua wanamaliza oksijeni ya maji, ndio maana samaki wanapata shida sana kwenye mto ukitoka tu jijini. Na joto linazidisha mambo, maji ya nyuzi 10 yanaweza kushika kama miligramu 11 za oksijeni kwa lita, ya nyuzi 30 ni kama 7 na nusu tu. Halafu mvua ikija, tumbo halina muda. Mafuriko kama yale ya Aprili na Mei 2024 yaliyobeba nyumba za watu Mathare yanasukuma kila kitu kwa pamoja, kibichi, kabla bakteria hawajagusa.

Sasa kwa nini Disemba, na kwa nini Malindi? Upepo, mama. Masika inanyesha kati ya Machi na Mei, na Kusi inaanza kuvuma, kwa hivyo tope la Sabaki linasukumwa kaskazini, kuelekea Ghuba ya Ungwana, na wewe ukiwa Malindi huenda usijue kitu. Vuli ni kinyume. Inanyesha Oktoba mpaka Disemba, mto unajaa, halafu Kaskazi inaingia na kulirudisha lile tope kusini, moja kwa moja kwenye ghuba ya Malindi, na hapo ndipo shule zimefungwa na Nairobi nzima iko kwenye basi. Mabaya zaidi ni kwamba huko kusini ndiko kuna matumbawe ya hifadhi ya bahari iliyotengwa tangu 1968, na matumbawe yanaishi kwa jua, sasa jua litapita wapi kwenye maji ya namna hiyo?

Mto ukigusa chumvi kuna kitu kingine kinatokea. Vile vipande vidogo vinashikana, vinakuwa vizito, vinazama. Jua nalo linachubua rangi ya vilivyoyeyuka, polepole, kama linavyochubua shati kwenye kamba. Naitrojeni na fosforasi zilizobaki kutoka kwenye maji taka zinakuwa mbolea ya plankitoni, vijimea vidogo usivyoviona kwa macho, vinazaana, vinakufa, na hapo bahari inakuwa imejitengenezea mabaki yake yenyewe. Mikoko pia inadondosha majani yake humo. Kwa hivyo usijibebeshe lawama zote.

Lile povu sasa. Plankitoni na majani yakioza yanaachia protini na mafuta yanayofanya kazi kama sabuni, mawimbi yanapiga, hewa inaingia, povu. Si lazima iwe omo ya mtu. Ukienda Gazi kule Kwale, kwa wale watu wanaotunza mikoko na kuuza kaboni yake tangu 2013 (yaani wanalipwa kwa hewa ya ukaa ambayo mikoko inaivuta na kuifungia), utakanyaga tope linalonuka mayai viza, na hiyo pia si uchafu wa mtu. Ni majani yanayooza bila oksijeni, na kwa sababu yanaoza taratibu hivyo, kaboni inabaki imefungwa chini ya tope miaka na miaka.

Kuhusu kuogelea: mvua kubwa ikiwa imenyesha bara siku za karibuni na maji ni kahawia, waache wachezee mchanga. Chumvi na jua vinaua vijidudu vingi vya tumbo, lakini vinahitaji muda, na watoto humeza maji bila hata kujua. Pale mdomoni mwa mto usiwapeleke kabisa, kuna viboko. Mkitaka buluu, pandeni tuktuk ama matatu mwende Watamu, ni kama kilomita 20 kusini na mara nyingi lile tope linakuwa limepungua nguvu likifika huko. Ama mngoje Februari. Kaskazi bado itakuwa inavuma, lakini kwa kawaida mto wenyewe unakuwa umepungua.