Maswali ya Wasomaji: Mchoro wa Dari

SWALI: Nimepewa kazi ya kupamba dari ya jipsamu ya ukumbi mmoja hapa Kisumu, mita 6 kwa 4, kimo mita 3. Nachora hekaya ya Kijaluo: mvuvi Nyamgodho wa Gwassi akiwatazama ng'ombe wakimfuata yule kikongwe aliyemtajirisha kurudi ziwani. Kwenye karatasi mambo ni sawa, lakini nilipojaribu darini ziwa liliangukia upande wa barabara na watu wakawa mbilikimo. Nimekosea wapi?
Msomaji, Kondele

JIBU: Ziwa limehama kwa sababu umechora ramani ya sakafu. Andika "ziwa" na "barabara" kingoni mwa karatasi, iinue juu ya kichwa uso wake ukiangalia chini, utaona kosa papo hapo. Usinakili tu kinyume kupitia dirishani, maana Nyamgodho atashika fimbo kwa mkono wa kushoto. Badilisha nafasi za watu, mikono iache.

Ufupi, yaani umbo la darini kuonekana limefupika kadiri lilivyo mbali na mtazamaji, ndio kazi kubwa. Macho ya mtu mzima aliyesimama yako kama mita 1.6 kutoka sakafuni, kwa hiyo dari yako iko mita 1.4 tu juu yake. Umbo la mita 1 linaloanzia utosini pake na kwenda mbele huchukua nyuzi 35 za upeo wa macho. Likianzia mita 1 mbele, huchukua takriban 20. Likianzia mita 2, 10 tu. Amua kwanza mtazamaji atasimama wapi (mlangoni, tungesema sisi), kisha refusha miili ya mbali, ila usipite mara moja na nusu, la sivyo atakayefika chini yake ataona mlingoti. Mbali waweke ng'ombe. Mgongo mrefu wa ng'ombe hausumbui jicho kama uso wa mtu.

Mchoraji Mwitaliano Annibale Carracci, aliyeanza dari ya jumba la Farnese, Rome, mwaka 1597, alikwepa sehemu ya tatizo hili: visa kadhaa vya miungu alivichora kama picha zilizotiwa fremu, bila kuvipinda kwa ajili ya mtazamaji wa chini. Kwa dari fupi kama yako, ni njia nzuri.

Kuhamisha: karatasi ya sentimita 60 kwa 40, miraba ya sentimita 5, darini kila mraba ni sentimita 50, jumla 96. Piga mistari kwa uzi uliopakwa chaki.

SWALI: Nyuso nazihamisha kwa kutoboa matundu kwenye mistari ya mchoro wa karatasi na kupitisha humo unga wa makaa. Unga unaniingia machoni na mstari hauonekani.

JIBU: Unga ni mwingi na matundu yameziba. Sindano huacha ukingo uliovimba nyuma ya karatasi. Usugue kwa msasa laini. Toboa kila milimita 5 usoni, sentimita 1 kwenye nguo. Gusagusa kwa kifuko cha soksi chenye unga, usipige, na uvae miwani. Pitisha penseli kwenye vitone, kisha pangusa unga wote kwa brashi kavu kabla ya rangi ya maji: ukibaki, njano itageuka matope.