Jibu: Mama anasahau tangu aanze dawa za usingizi

Habari dada wa Ahero. Nikikuelewa vyema, mama yako wa miaka 72 alipewa diazepamu, dawa ya usingizi, baada ya matanga, kisha kliniki nyingine ikamwandikia amitriptilini ya maumivu ya miguu, na sasa anasahau majina ya wajukuu na kuyumba usiku. Unauliza kama umwachishe zote leo.

Usimwachishe ghafla. Diazepamu iliyomezwa kila usiku kwa wiki nyingi, ikikatwa mara moja, inaweza kuleta mtetemeko, fadhaa na hata degedege. Daktari huipunguza hatua kwa hatua.

Kwanza weka dawa zake zote kwenye mfuko mmoja, hata zile za mafua na mzio zilizonunuliwa dukani, kwa maana klorifeniramini, iliyomo katika baadhi ya dawa hizo, nayo huzidisha kusahau ikichanganywa na amitriptilini. Katika duka la dawa ninakohudumu hapa Nakuru, tatizo ninalokutana nalo zaidi ni kliniki mbili zisizojua kila moja imeandika nini. Mwili wa mzee huchelewa kuondoa diazepamu, hivyo kipimo cha jana hukutana na cha leo. Hukutaja miligramu wala tarehe ya kuanza. Viandike, pamoja na siku usahaulifu ulipoonekana.

Mwombe daktari apitie mfuko wote kabla hajakubali kwamba ni ugonjwa wa akili wa uzeeni, na aulize pia kuhusu majonzi, kwani sonona, yaani huzuni nzito isiyoisha, peke yake huvuruga kumbukumbu. Akianguka akagonga kichwa, au akiwa mgumu kuamka, mpeleke hospitali saa hiyo hiyo.