Bastola chini ya shati: somo la askari halimtoshi raia

Mtu akipata cheti cha silaha hapa Malindi, barazani ataambiwa amtafute askari mstaafu amfundishe. Si ushauri mbaya, ila una pengo. Askari mwenye sare huvaa bastola kiunoni, wazi, na ala, yaani mfuko wake, haina cha kuifunika. Raia huificha chini ya nguo, na kuitoa pale ni somo jingine kabisa.

Fikiria shati la pamba lisilochomekwa, saa saba mchana, jasho limeligandisha mwilini. Mkono wa kushoto ushike pindo na kulivuta hadi kifuani. Ukiishia kitovuni, kitambaa hurudi chini na kunaswa kati ya kiganja na mpini. Mkono wa kulia ushike mpini sawasawa bastola ikiwa bado alani, maana mshiko mbovu haurekebishiki njiani. Ivute juu wima, ndipo mtutu uelekee mbele. Kidole cha shahada kilale ubavuni mwa bastola mpaka uwe umeamua kupiga.

Kuirudisha kunahitaji uangalifu zaidi. Pindo la shati au kamba ya kaptura ikiingia kwenye kifyatulio, ukiisukuma bastola alani risasi hutoka na kupita pajani. Inua shati, itazame ala, rudisha polepole, hakuna anayekukimbiza. Ala laini ya kitambaa, ile inayojifunga mdomo bastola ikitoka, usiinunue: utalazimika kuifungua kwa vidole huku mtutu ukielekea mkono wako mwenyewe. Chukua ngumu, inayofunika kifyatulio chote.

Mazoezi ya nyumbani ni bila risasi. Toa magazini, kisanduku cha risasi, kwanza, kisha vuta slaidi, kile chuma cha juu kinachorudi nyuma, mara tatu, tazama chemba inamokaa risasi ya kupigwa, halafu ipapase kwa kidole. Ukianza na slaidi magazini ikiwa ndani, umetoa risasi moja na kuingiza nyingine. Risasi zote zikae chumba kingine. Dakika kumi, mara tatu kwa wiki, na shati lile lile unalotokea nalo.

Wengi siku hizi hujipima kwa video za Marekani. Huko kila jimbo lina sharti lake la kubeba bastola. Illinois hudai saa 16 za darasa na risasi 30: kumi kutoka kama mita 4.6, kumi mita 6.4, kumi mita 9.1, na 21 zipate shabaha. Texas, tangu Septemba 2021, watu wazima wengi wanaruhusiwa kubeba bila leseni wala darasa. Lakini hata anayefaulu amepiga karatasi. Utafiti wa RAND, taasisi ya utafiti ya Marekani, wa 2008 uliwaangalia polisi wa New York kati ya 1998 na 2006: waliporushiana risasi na mtu, zao zilizompata zilikuwa asilimia 18 tu. Hao ni watu wa kazi hiyo. Sasa ziweke zile asilimia 82 zilizokosa kwenye kichochoro cha Lamu, ambako punda akipita nawe wajibana ukutani, na nyuma ya shabaha yako kuna mlango wa mtu.

Sheria nayo haiwapimi sawa. Askari wetu ana Jedwali la Sita la Sheria ya Huduma ya Taifa ya Polisi ya 2011: atumie silaha njia nyepesi zikishindikana, aonye kwanza inapowezekana, amwarifu mkubwa wake hata kama hakuna aliyeumia, na pakiwa na kifo au jeraha baya, IPOA, mamlaka huru inayowasimamia polisi, huchunguza. Raia ana kifungu cha 17 cha Kanuni ya Adhabu, kinachompeleka hakimu kwenye misingi ya sheria ya Uingereza itokanayo na hukumu za mahakama (common law), yaani kama aliamini kwa dhati kuwa hatari ipo na nguvu iliyotumika ililingana nayo. Mwizi anayekimbia na simu yako amekupa kisogo. Ukimpiga, kesi ni yako, na huna redio wala mwenzako wa doria.

Halafu kuna chumvi, ambayo video hizo hazisemi. Upepo wa bahari na jasho hutia kutu slaidi haraka. Ifute kila jioni, kisha mafuta membamba, tone moja kila reli inamoteleza slaidi. Yakizidi hushika mchanga na bastola hukwama. Na risasi ile ile inayoingizwa chembani kila asubuhi, kichwa chake huzama gandani kidogo kidogo, na shinikizo hupanda inapopigwa. Ilinganishe na mpya. Ikiwa fupi, itenge.