8.2 baada ya mahamri bado si sukari

Dada, umeuliza kama mamako tayari ana ugonjwa wa sukari. Hapana, sukari ya damu ya 8.2 (mmol/L) aliyopimwa hapo zahanati akiwa ameshakula haimfanyi mgonjwa wa sukari. Kipimo cha kutegemea zaidi ni cha asubuhi, tumbo tupu, muda wa masaa 8 bila chochote ila maji: 7.0 kwenda juu, tena irudiwe siku nyingine. Akiwa ameshakula, inatakiwa ifike 11.1 pamoja na dalili, kiu na kukojoa kila saa. Yeye katoka kwenye mahamri, mbaazi na chai tamu ile ya Lamu, mlitaka isome ngapi?

Na anawe vidole kwa sabuni kabla ya kutobolewa. Mimi hupima mzee wangu nyumbani Langoni. Siku moja alikuwa katoka kumenya embe, mashine ikasema 13, roho ikaniruka. Kanawa, tukarudia: 6.4!

Ila msipuuze, mrudisheni asubuhi akiwa na njaa. Huduma za zahanati na vituo vya afya hulipiwa na mfuko wa afya ya msingi chini ya SHA, mamlaka ya bima ya afya ya serikali ya Kenya, bora awe amesajiliwa kwa *147#. Vijiti vya kupimia huwa vinaisha, ulizeni kabla ya kumpandisha boti.