Diclofenac ya magoti na dawa za presha za mama

Ndugu yangu, pole. Nimeelewa kwamba mama anatumia dawa mbili za presha, losartan na hydrochlorothiazide, na tangu aanze kujinunulia diclofenac, dawa ya maumivu, kwa ajili ya magoti, presha imepanda na miguu inavimba.

Diclofenac, kama ibuprofen, huufanya mwili ubakize chumvi na maji, hupunguza nguvu ya dawa za presha, na ikitumiwa pamoja na hizo mbili inaweza kuumiza figo, hasa za mtu mwenye umri mkubwa. Aache diclofenac leo, lakini dawa za presha asiziache. Kwa maumivu, paracetamol kwa kawaida ni salama zaidi kwake kama ini lake halina tatizo, isizidi vidonge 8 vya miligramu 500 kwa saa 24, ikihesabiwa pamoja na ile iliyomo katika dawa nyingi za mafua.

Kusanya dawa zake zote, hata za mitishamba, umwonyeshe mfamasia. Wengi humchukulia kama muuzaji tu, ilhali amesomea hasa jinsi dawa zinavyoathiriana. Kisha mama aonwe na daktari wiki hii, apimwe figo. Akipata choo cheusi, mkojo ukipungua au akihema kwa shida, mpeleke hospitali mara moja.