Kabla Hujauza Ng'ombe Ukafuate Leza ya Sikio

Mama mmoja wa Manyoni ameniandikia. Binti yake ana maji nyuma ya ngoma ya sikio, masikio yote mawili, na shemeji yake aliyeko nje ya nchi amewaambia kwamba huko ngoma ya sikio inatobolewa kwa leza, yaani mwanga mkali unaochoma, bila kisu wala kulazwa. Ukoo umeshaanza kuhesabu ng'ombe wa kuuza. "Dada, wewe umeyapitia haya. Niende?"

Usiende kwanza, mama. Nisikilize.

Mwanangu alipoanza darasa la kwanza hapa Dodoma, walimu walimwona mkaidi. Anaitwa, hageuki. Anaagizwa chaki, analeta daftari. Akachapwa, tena zaidi ya mara moja, na maneno hayo bado yananiuma ninapoandika: "Mtoto wako ana kiburi." Majirani wakasema amerogwa. Zahanati tuliyokuwa tunakwenda ikatupa antibayotiki kila mara, na mtoto hana homa, hana usaha, halalamiki maumivu. Mimi nilijua hasikii. Nilikuwa nasimama nyuma yake namwita kwa sauti ya kawaida, kimya. Namgusa bega, anatabasamu.

Nikadai rufaa mpaka nikaipata. Daktari wa masikio, pua na koo akaweka kifaa kidogo sikioni kinachosukuma hewa na kupima kama ngoma inacheza. Mchoro ukatoka bapa kama barabara ya Kibaigwa. Ngoma haichezi, nyuma yake kuna ute. Akanieleza kuwa kuna mrija unaotoka nyuma ya pua kwenda sikio la kati, kazi yake kupitisha hewa. Kwa watoto ni mfupi na umelala, na nyama za pua zikivimba unazidiwa. Hewa ikikosekana, maji yanajikusanya. Ndiyo maana dawa ya matone haifiki huko, na mafuta ya moto ndiyo kabisa usithubutu.

Akasema tungoje miezi 3, kwa sababu watoto wengi hupona wenyewe. Wa kwangu hakupona. Akalazwa usingizi, nyama za pua zikaondolewa, ngoma ikatobolewa na vibomba vidogo vikapachikwa. Jioni ile aliniuliza ni ndege gani anayelia nje. Leo ndiye anayesoma somo kanisani, na sauti yake inafika mpaka benchi la mwisho.

Sasa leza. Ni kitu cha kweli, si uongo wa mitandaoni. Leza ya kaboni dayoksaidi huchoma tundu la duara la milimita 2 hivi kwa muda mfupi kuliko sekunde moja, na damu ni kidogo. Mgonjwa anayeweza kutulia hufanyiwa kwa ganzi tu. Tundu la kisu kitupu huziba ndani ya siku chache. La leza hukaa wiki 2 hadi 4 au zaidi kidogo. Hapo ndipo uzuri wake ulipo, na hapo ndipo unapoishia. Kibomba hukaa miezi, mara nyingi 6 hadi 12 au zaidi, kisha huanguka chenyewe. Mtoto ambaye mrija wake umekwama kwa miezi anahitaji hewa kwa miezi. Tundu likiziba mapema, maji yanaweza kurudi, na wewe umeshauza mifugo.

Kwa hiyo mtu akikutajia leza, muulize tundu litakaa wazi kwa muda gani. Vibomba si teknolojia ya kizamani ya kuonea haya: daktari aitwaye Armstrong alivirudisha kwenye tiba kule Marekani mwaka 1954 na bado vinafanya kazi hadi leo.

Anzia hospitali ya wilaya yako, omba rufaa ya Dodoma, Hospitali ya Benjamin Mkapa kwa mfano. Dai kipimo cha kusikia na hicho cha ngoma. Usikubali antibayotiki nyingine bila kipimo! Na kama ni mtu mzima mwenye maji sikio moja tu yasiyoisha, akaguliwe nyuma ya pua haraka, maana huenda kuna uvimbe umejificha huko.

Wakati mnangoja, binti akae dawati la mbele. Zima redio kabla ya kuongea naye, mtazame usoni. Mwalimu akitaka kumchapa kwa kutoitika, chukua majibu ya kipimo uyapeleke ofisini kwa mwalimu mkuu, uyasome kwa sauti, kama nilivyofanya mimi.